Kichwa cha Lusinga kiko Brussels, na sisi hatuna hata chumba kimoja

Kila mara neno makumbusho linapotajwa hapa Kalemie, jibu huwa moja: "Watu wana njaa, ninyi mnaleta habari ya vitu vya zamani?" Nimelisikia kwa viongozi, nimelisikia kwa watu wa mashirika ya kiutu, nimelisikia hata kwa wanahabari wenzangu. Anayelitoa huonekana mtu wa huruma, na anayeambiwa hunyamaza kwa aibu. Leo sinyamazi.

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu uliye kambini unayesoma haya kwenye simu ya jirani, nasema hivi: watu wa pwani ya Ziwa Tanganyika wanahitaji nyumba ya kumbukumbu yao wenyewe, na wanaihitaji sasa, wakiwa bado chini ya maturubai. Tukingoja vita viishe, hakutabaki kitu cha kuweka ndani yake. Na tusipoianzisha sisi, wengine wataendelea kusimulia habari zetu, kama wanavyofanya kwa zaidi ya miaka 140.

Tuangalie kwanza historia yetu iko wapi siku ya leo.

NG'AMBO YA ZIWA

Vuka ziwa mpaka Kigoma, kisha uende Ujiji. Pale kuna makumbusho yenye jina la Livingstone, mahali panapokumbukwa kwamba yeye na Stanley walikutana mwaka 1871. Kuna jiwe la kumbukumbu, kuna miembe, kuna sanamu za wazungu wawili wakisalimiana. Wageni hutoka mbali kuja kupiga picha. Sina ugomvi na watu wa Ujiji. Wametunza walicho nacho, na bidii yao ni ya kuigwa.

Endelea mpaka Bagamoyo, kwenye pwani ya bahari. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa huko mwaka 1868 ina makumbusho yake, na mgeni anaonyeshwa minyororo ya watumwa. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania ilipeleka UNESCO ombi la awali ili njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu ihesabiwe siku moja kuwa urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Soma orodha hiyo tena. Inaishia Ujiji, ukingoni mwa maji, kama vile misafara ilizaliwa ndani ya ziwa pamoja na ndagala.

Wale watu waliofungwa minyororo, wengi wao walitoka wapi? Walitoka upande huu. Walitoka Maniema, walitoka kwa Batabwa, walitoka vijiji vya ndani ambavyo majina yake hayakuandikwa. Waliteremshwa mpaka Mtoa, kaskazini ya hapa tulipo, wakapakiwa mitumbwini na kuvushwa. Ndiyo sababu mpaka leo Ujiji na Tabora kuna watu wanaoitwa Wamanyema, ambao mababu zao walitoka Kongo. Mwanzo wa njia ile uko kwetu, na sisi hatukuuandikisha popote.

Wa kulaumiwa si Tanzania. Kila nchi huandikisha kilicho ndani ya mipaka yake. Wa kulaumiwa ni sisi, tuliokaa tukisema mambo ya zamani yatangoja.

BWANA BOMA NA LUSINGA

Mwaka 1883 luteni mmoja Mbelgiji, Émile Storms, alijenga kituo Mpala, kusini mwa Kalemie, kwa jina la shirika lililoanzishwa na mfalme Leopold wa Pili. Wenyeji walimwita Bwana Boma. Juu milimani alitawala Lusinga, sultani wa Batabwa. Wakubwa hao wawili hawakuweza kukaa pamoja. Tarehe 4 Desemba 1884 askari wa Storms waliingia katika kijiji cha Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Kichwa kikapelekwa kwa Storms.

Aliporudi Ulaya, Storms alikibeba. Alibeba pia vichwa vya wakubwa wengine wawili wa upande huu wa ziwa, na sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga. Huko Brussels wataalamu wa wakati ule wakapima mafuvu hayo, wakitaka kuonyesha kwamba mtu mweusi ni mtu wa chini. Storms aliishi na mali hiyo nyumbani mwake mpaka kifo chake. Miaka ya 1930 mjane wake akaitoa kwa makumbusho ya Tervuren. Mwaka 1964 mafuvu yakahamishiwa taasisi ya sayansi ya asili ya Brussels. Sanamu ilibaki Tervuren, inaangaliwa na wanafunzi wa Kibelgiji wanaokuja na mwalimu wao.

Niambie, ni wanafunzi wangapi wa Kalemie wanaolijua jina la Lusinga? Darasani tulifundishwa tarehe za wafalme wa Ubelgiji. Habari ya mtu aliyekatwa kichwa katika milima tunayoiona tukiwa ndani ya boti, wengi wetu tumeijua kwa sababu mwandishi wa Kibelgiji aliichapisha mwaka 2018. Mtu wa Brussels ndiye anayetuambia mkubwa wetu alizikwa nusu.

Na kuna upande mwingine wa habari hii ambao sisi wenyewe tunauogopa. Lusinga hakuwa malaika. Alikuwa na bunduki, alivamia vijiji vya majirani, aliuza watu kwa wafanyabiashara waliotoka pwani ya bahari. Ziko jamaa katika eneo hili ambazo watu wao walivushwa ziwa kwa sababu yake. Storms hakumuua ili kuwatetea hao. Alimuua kwa kuwa wote wawili walitaka kuamuru mahali pamoja.

Habari ngumu kama hiyo ataisimulia nani sawasawa? Makumbusho ya Ulaya yataogopa kumsema vibaya mtu waliyemkata kichwa. Mwanasiasa wa hapa atamfanya shujaa asiye na doa, kwa sababu uchaguzi hauko mbali. Anayeweza kuisimulia yote, uchungu wa ukoo wa Lusinga na uchungu wa wale waliouzwa, ni mtu wa hapa anayejua kwamba wajukuu wa pande zote mbili wanakutana kila asubuhi kwenye soko la samaki.

MALI YETU KWA MKOPO

Mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa maneno makubwa. Mwezi wa pili serikali ya Ubelgiji ilikabidhi Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyo Tervuren. Mwezi wa sita mfalme Philippe alikuja Kinshasa na barakoa kubwa ya Basuku inayoitwa Kakuungu, akaiacha kwenye makumbusho ya taifa kwa mkopo. Kwa mkopo! Mtu anakuja na kiti chako mwenyewe, anakikopesha kwako, na wewe unapiga makofi. Mwezi huohuo jino la Patrice Lumumba lilirudi. Mwezi wa saba Ubelgiji ikatoa sheria inayofungua mlango wa kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni.

Lakini sheria ile ya 2022 ilihusu vitu tu. Mabaki ya watu iliyaacha nje. Yaani kikapu cha Lusinga kiliwekewa njia ya kurudi, na kichwa chake hakikuwekewa. Mwaka huohuo sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja mmoja wa komini ya Ixelles, Brussels, iliondolewa. Aliyekata kichwa ameshashushwa, aliyekatwa bado yuko ndani ya sanduku.

Ukoo wa Lusinga umeomba arudishwe, na ni haki yao. Ila tujiulize sisi wa pwani: Brussels ikikubali kesho asubuhi, atashukia wapi?

Najua jibu la wakubwa: Kinshasa. Makumbusho ya taifa yalifunguliwa huko mwaka 2019 kwa msaada wa fedha za Korea ya Kusini, na ni nyumba nzuri. Lakini mzee wa Mpala atafikaje Kinshasa? Kwa ndege ambayo bei ya tiketi yake ni zaidi ya mavuno yake ya mwaka? Kutoka Brussels mpaka Kinshasa, kwake yeye, Lusinga atakuwa amehamishwa kutoka mbali kupelekwa mbali. Na ukubwa wa mji si ulinzi. Mwezi wa kumi na moja 2024, kaburi la heshima la Lumumba palepale Kinshasa lilivunjwa na kuharibiwa.

Msimamo wangu ni huu. Mifupa si kitu cha kuonyesha watu ndani ya kioo, si Brussels, si Kinshasa, si Kalemie. Lusinga na wenzake wawili warudi wazikwe na watu wao, kwa desturi ya watu wao. Ile sanamu, barua za Storms, picha na vitu vingine vilivyochukuliwa kwenye pwani hii, vitafutiwe nyumba kwenye pwani hii. Na nyumba haiwezi kusubiri siku kontena itakapofika bandarini. Asiye na ghala haagizi mzigo.

KINACHOPOTEA WAKATI TUNANGOJA

Wengine watasema: haya ni mambo ya 1884, yamengoja miaka mingi, yangoje kidogo tena. Basi tuache Lusinga, tuzungumze juu yako wewe uliye kambini.

Tangu mwaka 2013, vita kati ya Batwa na Baluba vimetoa watu katika Nyunzu, Manono, Kabalo na vijiji vya hapa Kalemie. Kutoka Fizi watu wamekimbia mara nyingi sana mpaka wazee wanataja miaka kwa majina ya vita. Mwanzoni mwa 2025, Bukavu ilipoanguka, tuliona boti zikitoka Uvira zimejaa mama na watoto, magodoro na sufuria. Na ziwa lenyewe halikutuonea huruma: tangu 2020 maji yamepanda yakaingia ndani ya nyumba Kalemie, Uvira na Baraka, na wengine waliokimbia risasi wakakimbia tena maji.

Mtu anayekimbia hivyo hubeba nini? Mtoto, sufuria, kadi ya uchaguzi. Kinachobaki nyuma ni picha za ndoa, vyeti vya masomo, ngoma ya ukoo, na kitabu cha parokia ambamo ubatizo wa baba yake uliandikwa. Kinachobaki kichwani kinakufa pamoja na kichwa.

Nikiwa kazini nimeuliza watoto kambini: "Unatoka wapi?" Mkubwa anataja kijiji. Mdogo wake, aliyezaliwa hapa, anataja namba ya bloku. Si kosa lake. Hakuna aliyemwonyesha kitu kingine. Huko Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliotoka kwetu. Aliyezaliwa pale mwaka ule leo ana watoto wake. Mababu walisema tutawasimulia tukirudi. Wangapi walirudi? Wangapi walizikwa huko kabla ya kusimulia?

Na hili si jambo la moyo tu, ni jambo la shamba. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini mwetu haina karatasi. Shamba linajulikana kwa neno la mkubwa wa kijiji na kwa ushahidi wa majirani: kutoka mwembe huu mpaka kijito kile. Sheria ya ardhi ya 1973 iliahidi agizo la rais la kupanga ardhi za mila, na miaka ikapita makumi bila agizo hilo. Kwa hiyo anayerudi baada ya miaka kumi na kukuta mtu mwingine analima shambani mwake, mwanasheria wake ni kumbukumbu ya mzee. Mzee akifa kambini bila kuandikwa, kesi imeshindwa kabla ya kufunguliwa. Sisemi kwamba sauti ndani ya simu ni hati ya kiwanja. Nasema tu kwamba wazee watano waliorekodiwa kila mmoja peke yake, wote wakitaja kijito kilekile na mwembe uleule, ni vigumu kuwaita waongo.

Sisi watu wa redio tunajua jinsi sauti inavyopotea. Nilifanya kazi katika redio moja ya upande huu, sitaitaja jina, ambako kulikuwa na kanda za vipindi vya zamani: wavuvi, wafanyakazi wa treni, akina mama wakisimulia vita. Zilifutwa moja baada ya nyingine ili kurekodi juu yake matangazo ya biashara, maana kanda mpya ilikuwa na bei. Sauti za watu ambao leo hawapo zilitoka, ikaingia sabuni.

WANAOPINGA WANA HOJA TATU

Hoja ya kwanza ni njaa. Najibu: hakuna anayeomba unga wa wakimbizi ugeuzwe saruji. Kumsikiliza mzee hakupunguzi kilo ya mtu. Tena angalia vizuri: shirika linapokuja kugawa chakula, swali la kwanza ni jina lako na kijiji ulikotoka. Kumbe historia yako ina maana pale wanapotaka kuijaza kwenye fomu yao. Wakiondoka, fomu inaondoka nao. Kwa nini wewe usibaki na nakala ya maisha yako?

Hoja ya pili ni wizi. Wanasema: vitu vilivyorudishwa na Ubelgiji miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vingine viliibiwa, vikauzwa kwa wazungu tena. Ni kweli. Lakini tuulize viliibiwa wapi na nani. Vilipotea katika mji mkuu, wakati wa fujo, vikiwa katika ghala ambazo raia hawakuzijua, chini ya funguo za watu walioajiriwa kuzilinda. Kitu ambacho kijiji kizima kinakijua kwa jina, chenye picha na namba katika daftari tatu zilizo mahali patatu, ni vigumu zaidi kukiuza kimyakimya.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, na inasemwa kwa sauti ya chini: makumbusho yataleta ugomvi. Wataulizana nani alifika kwanza. Mholoholo na Mtabwa, Mluba na Mtwa, Mbembe na Mnyamulenge, kila mmoja atataka ukuta wake. Siidharau hoja hii. Watu wamekufa kwa maneno kama hayo. Lakini tumekaa bila makumbusho miaka yote hii, je, maneno hayo yamekoma? Yanapita kwenye simu kila usiku, bila jina la msemaji, bila mtu wa kuyajibu. Mahali ambapo kila mtu anasema kwa jina lake, mbele ya majirani, na mwingine anaruhusiwa kujibu kwa jina lake, uongo hupata kazi kubwa zaidi. Na iwekwe sheria mlangoni: hapa hakuna ukuta wa nani alifika kwanza. Kuna habari ya jinsi tulivyoishi, tulivyofanya biashara, tulivyooana, na tulivyotendeana mabaya. Mauaji ya Makobola yaliyotokea kati ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, yaliyoandikwa na Umoja wa Mataifa katika ripoti yake ya 2010, yana haki ya kutajwa humo. Msiba wa Mtwa una haki ileile. Msiba wa Mnyamulenge una haki ileile. Anayetaka msiba wake tu ndio uwekwe, huyo anataka ofisi ya kampeni.

TUANZE NA CHUMBA

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua mradi wa namna hii unavyoharibika. Utakuja mchoro wa jengo la ghorofa, jiwe la msingi litawekwa na mkubwa mwenye suti, fedha zitapita mikono mingi, na baada ya miaka mitatu mbuzi watakuwa wanalala kwenye msingi. Sitaki jengo hilo. Nataka chumba. Chumba kimoja kilicho juu mlimani, mbali na maji ya ziwa, katika shule, parokia, msikiti au nyumba ya zamani ya reli, chenye paa lisilovuja na mlango wenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa wenyeji wa mji, mwingine kwa kamati ya wakimbizi wa ndani. Hakuna anayeingia peke yake.

Ndani kuwe na nini? Tuanze na vilivyo karibu. Wavu wa ndagala na taa inayotumika kuwavuta usiku, na mvuvi mwenyewe aeleze ziwa lilivyobadilika. Chungu cha mama Mtwa, na jina lake liandikwe, isiandikwe tu "chungu cha Batwa". Ufunguo wa nyumba iliyoungua Nyunzu. Kadi ya mfanyakazi wa Filtisaf, kiwanda cha nguo kilicholisha mji huu na kufungwa. Picha za treni ya Kabalo, iliyofika hapa mwaka 1915.

Na hapohapo kwenye 1915, ukuta mmoja uwe wa wabebaji. Dunia nzima inasimuliwa habari ya Mimi na Toutou, boti mbili za Waingereza zilizosafirishwa kutoka Afrika Kusini kwa reli, zikakokotwa porini Katanga, zikashuka mto Lualaba, zikaletwa kwa treni mpaka kwenye ziwa letu kupigana na Wajerumani. Vitabu vinamsifu kamanda wao. Watu weusi waliokata miti, waliojenga madaraja na kuvuta kamba, wamebaki "wafanyakazi". Kila mmoja wao alikuwa na jina. Wajukuu wao huenda wanasoma haya.

Ukuta mwingine uwe wa mwaka 1965. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi wa nne, akakaa milimani Fizi mpaka mwezi wa kumi na moja, akaondoka ameshindwa. Yeye aliandika kitabu. Mama wa Kibembe aliyewapikia wapiganaji hao hakuandika, na akiwa bado hai ana umri mkubwa. Nani amekwenda kumuuliza?

Gharama ya kuanza ni daftari, simu, kadi za kuhifadhia sauti, na uvumilivu. Kila anayeleta kitu apewe karatasi inayosema kitu ni chake, amekiweka tu, na atakichukua siku atakayotaka. Ubelgiji imetufundisha mkopo. Tuutumie mkopo huo kwa haki. Anayerekodiwa achague kama sauti yake isikike hadharani au ifungwe mpaka siku ya amani, kwa kuwa kuna majina ambayo yakitajwa leo mtu anaweza kuuawa. Sauti ziwekwe nakala mahali patatu tofauti, mmojawapo nje ya mji. Kamati iwe na wanawake nusu, iwe na Batwa wanaosema wenyewe bila mkalimani wa kuwasemea, iwe na vijana waliozaliwa kambini.

Kwa gavana na wabunge wetu wa jimbo naomba mambo mawili, na hakuna hata moja linalohitaji mamilioni ya dola. La kwanza, andikeni rasmi kwa serikali ya Kinshasa kwamba jimbo la Tanganyika linataka mafuvu ya Lusinga na wenzake yarudi yazikwe hapa, na kwamba vitu vyao vikirudi visiishie mji mkuu. La pili, toeni chumba hicho na kuandika mkataba wake, ili kamati isifukuzwe siku kiongozi atakapobadilishwa. Kwa mashirika ya kiutu naomba moja: mnapoondoka, msiondoke na orodha peke yenu. Acheni kwa watu wenyewe nakala ya yale waliyowaambia, kila mtu ya kwake.

Na kwa ninyi mlio kambini, sisemi mngoje gavana. Jumapili baada ya ibada, au Ijumaa baada ya sala, kijana mwenye simu akae na bibi au babu yake. Aulize jina la kijiji na maana yake, jina la kijito, aliyelima upande wa mashariki, aliyelima upande wa magharibi, nani alizikwa wapi. Aulize pia lile ambalo ukoo hausemi. Arekodi, amtumie ndugu aliye mji mwingine, aandike tarehe. Chumba kikipatikana, sauti zitakuwa tayari. Kisipopatikana, angalau hazitakuwa zimezikwa.

Storms alijua thamani ya kichwa cha mkubwa wetu, ndiyo sababu alikibeba mpaka Ulaya. Wazee walioko kambini leo vichwa vyao bado viko mabegani, na vimejaa. Sioni kwa nini tungoje tena.